Maneno mawili pale Gatwick

Mwaka jana msichana mmoja wa kikundi chetu cha vijana aliniletea fomu ya kuomba ufadhili wa masomo. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na alama nzuri, na fomu alikuwa ameijaza yote kwa kalamu ya bluu, mwandiko safi kabisa, isipokuwa sehemu moja. Hapo palikuwa na visanduku viwili. Kimoja kimeandikwa "refugee", kingine "asylum seeker". Akaniuliza, "Kaka, mimi niweke tiki wapi?"

Nikamuuliza karatasi yao inasema nini. Akasema kesi ya familia bado, walishahojiwa, wanangoja jibu. Mimi bila hata kufikiri nikamjibu, "Basi wewe bado si mkimbizi. Weka hapo pa pili."

Alinitazama kidogo. Halafu akasema polepole, "Niko hapa tangu nina miaka sita, kaka. Kama mimi si mkimbizi, mimi ni nani?"

Nikacheka. Nilidhani ni utani. Aliweka tiki pale nilipomwonyesha, akasoma mstari wa chini unaosema mwenye kisanduku hicho asiendelee na fomu, akaikunja mara nne, akaenda. Jumamosi iliyofuata hakuja kwenye kikundi. Na iliyofuata pia.

Ninaanza na fomu, lakini makala hii inahusu kitabu. Kitabu ndicho kilichonionyesha nilichokosea siku ile, na ndiyo sababu nataka tukisome wote, sisi wa hapa kambini na ninyi mnaokuja kufanya kazi nasi.

Kinaitwa By the Sea, cha Abdulrazak Gurnah, kilitoka mwaka 2001. Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaondoka kwao akiwa kijana, miaka michache baada ya mapinduzi ya 1964, akaenda Uingereza, akasoma huko na kufundisha chuo kikuu miaka mingi. Mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobeli ya fasihi, na waliompa walitaja wazi kwamba anaandika juu ya ukoloni na juu ya hatima ya mkimbizi. Ni mtu wa Kiswahili, ingawa riwaya zake ameziandika kwa Kiingereza. Moja yao, Paradise, imeshatafsiriwa na inasomeka kwa jina la Peponi. Hii ya bahari tuliisoma kwa Kiingereza, nakala moja tu ya maktaba yetu, jalada limebandikwa selotepu, watu tisa tunapokezana chini ya mwarobaini. Mmoja anasoma kwa sauti, mwingine ameshika kamusi, wengine wanabishana.

Riwaya inaanza hivi. Mzee wa miaka sitini na tano, Saleh Omar, aliyewahi kuwa na duka la fanicha kule Zanzibar, anashuka kwenye uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza. Paspoti aliyoshika ina jina la mtu mwingine, Rajab Shaaban. Aliyemuuzia tiketi alimshauri ajifanye hajui Kiingereza hata kidogo. Mzee anakijua vizuri sana, lakini anafuata ushauri. Afisa wa uhamiaji anamuuliza hiki na kile, mzee kimya. Mwishowe anatamka neno moja: "refugee". Baadaye kidogo anatamka la pili: "asylum". Basi. Mtu aliyesoma vitabu vya Kiingereza maisha yake yote anaingia nchi ya Waingereza na maneno mawili tu mdomoni.

Tulipofika hapo kikundi kilicheka. Mmoja wetu, kijana wa kutoka Uvira, akauliza, "Sasa kwa nini amesema mawili? Si yote ni kitu kimoja? Moja lingetosha." Wote tukanyamaza tukitazamana. Na mimi nikakumbuka ile fomu na vile visanduku viwili.

Tuanze na neno la kwanza.

"Refugee" Waingereza walilichukua kwa Wafaransa. Mwaka 1685 mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa aliifuta sheria iliyokuwa ikiwaruhusu Waprotestanti kuabudu kwa njia yao. Maelfu wakatoroka, wengi wakaingia Uingereza, na jina walilokuja nalo la Kifaransa, "réfugié", likabaki katika Kiingereza. Ndani ya jina hilo mna "refuge", yaani mahali unapokwenda kujisetiri. Kwa hiyo mzungu akikuita "refugee" anakutaja kwa kule ulikoelekea.

Kiswahili kinatutaja kwa namna nyingine. Mkimbizi ni mtu aliyekimbia. Jina letu linatoka miguuni, na linatazama nyuma. Kiswahili nacho kinalo neno la kule mbele: kimbilio. Walokole wanalijua sana kutoka Zaburi, wanaliimba kila Jumapili kwenye kanisa la bloku yetu mpaka mabati yanatikisika. Kukimbia na kukimbilia ni kitenzi kimoja. Tofauti yake ni silabi ndogo tu, "li". Unakimbia vita, unakimbilia kwa mtu. Lakini mtu wetu tumempa jina kutokana na kile cha kwanza. Mkimbizi haambiwi amefika wala hajafika. Anaambiwa alikimbia, na hilo limeshatokea, halifutiki.

Nilimweleza mama yangu habari ya kile kisanduku. Mama hajui Kiingereza, anasema Kimashi na Kiswahili chetu cha Bukavu. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Akasema, "Mimi nilikimbiaka na miguu yangu mbili, na wewe ukiwa mumugongo. Nani atasema sikukimbiaka?" Akaendelea na maharage yake.

Sasa, msifikiri ni uchungu wa mama tu. Sheria iko upande wake. Kitabu cha mwongozo cha UNHCR, kile cha mwaka 1979 ambacho maafisa wa hadhi ya ukimbizi hukitumia, kinaeleza jambo ambalo wengi wetu hapa hatulijui: mtu huwa mkimbizi tangu pale hali yake inapolingana na maelezo ya Mkataba wa 1951, na hilo lazima litokee kabla serikali au ofisi yoyote haijamtambua. Kutambuliwa hakumfanyi kuwa mkimbizi. Anatambuliwa kwa sababu tayari ni mkimbizi. Nami naongeza mkataba wetu wenyewe Waafrika, ule uliotiwa saini Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969. Huo ulipanua maelezo, ukawaingiza waliokimbia uvamizi, utawala wa kigeni, au machafuko makubwa ya usalama katika nchi yao au hata sehemu tu ya nchi. Mtu wa Kivu akiusoma anajikuta ndani moja kwa moja.

Kwa hiyo nilipomwambia yule dada "wewe bado si mkimbizi", nilisema kitu ambacho hata mwongozo wa maafisa hausemi. Kile kinachoitwa "bado" ni jibu, yeye mwenyewe hayuko "bado".

Twende neno la pili.

"Asylum" limetoka mbali zaidi, kwa Wagiriki wa kale. Kwao neno hili lilimaanisha mahali au mtu asiyeruhusiwa kukamatwa au kuporwa. Mwanzo wake ni "a", yaani kutokuwa na, na sehemu ya pili ni neno lao la haki ya kunyang'anya. Mahekalu fulani yalikuwa hivyo: ukishaingia na kushika madhabahu, anayekufukuza anaishia mlangoni. Baadaye Waingereza walilitumia pia kwa nyumba za kuwafungia wagonjwa wa akili. Hata hapa Kenya, hospitali ya Mathari kule Nairobi ilianza mwaka 1910 ikiwa na neno hilo kwenye jina lake. Kwa hiyo neno lenyewe lina mlango wenye pande mbili: unazuia wabaya wasiingie, na unaweza pia kukuzuia wewe usitoke. Aliyewahi kuomba ruhusa ya kusafiri kutoka kambini anaelewa sihitaji kueleza zaidi.

Kiswahili cha sheria kimechagua "hifadhi". Ni neno zuri, ila limebeba mizigo mingi. Simba na tembo nao wako katika hifadhi. Msikitini mtoto anahifadhi Kurani. Mama anahifadhi nyama kwa chumvi. Kokote linakotumika, hifadhi inahitaji mtu mwingine, mwenye kuhifadhi. Na hapo ndipo tofauti kubwa ilipo. Ukimbizi ni jambo lililokupata wewe, hakuna aliyekupa. Hifadhi inatolewa. Kuna mkono unaotoa, na mkono huo unaweza kukunja vidole.

Hata Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 14, limeandikwa kwa uangalifu hapa. Linampa kila mtu haki ya kutafuta hifadhi na kuifaidi katika nchi nyingine kwa sababu ya mateso. Haki ya kupewa haikutajwa. Nilisoma kifungu hicho mara tatu, nikidhani nimeruka neno.

Nikarudi sasa kwa mzee wa Gatwick, na nikaelewa kwa nini Gurnah amempa maneno mawili. La kwanza mzee anajitaja mwenyewe. La pili anataja kitu kilicho mkononi mwa yule afisa. Ni kama kubisha hodi, ukajitambulisha, kisha ukasema shida yako. Ukijitaja tu bila kuomba, afisa anaweza kusema: sawa, nimekusikia, rudi ulikotoka. Ukiomba tu bila kujitaja, atauliza: wewe nani? Mzee aliyejifanya bubu alijua Kiingereza kiasi cha kuchagua maneno mawili yanayotosha.

Halafu linatokea jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha kitabu kizima. Mzee ana kijisanduku cha mbao chenye udi, ule udi wa kufukiza ambao watu wa pwani wanauthamini kuliko manukato ya dukani. Ndicho kitu pekee cha thamani alichobeba kutoka maisha yake yote. Afisa, jina lake Kevin Edelman, anakifungua, ananusa, anauliza. Mzee hajibu kwa sababu "hajui" Kiingereza. Afisa anakichukua. Hakiandiki popote, hampi risiti. Anabaki nacho.

Kumbukeni maana ya lile neno la Kigiriki: asiyeruhusiwa kuporwa. Mzee amelitamka neno hilo, na aliyelisikia anampora. Sijui kama Gurnah alikuwa akifikiria Wagiriki alipoandika. Lakini tukio liko pale, na haliwezi kusomwa kama wizi mdogo wa uwanja wa ndege. Ofisi ya hifadhi na uporaji viko meza moja, saa moja. Na mzee anaruhusiwa kuingia nchini siku hiyohiyo! Yaani hifadhi anaelekea kuipata, na udi hana. Wengi wetu tumelipia hifadhi kwa njia hiyo. Baba wa rafiki yangu alikuwa daktari wa mifugo. Alivuka mpaka na kofia yake, na simu, na jina la "daktari". Hapa anaitwa kwa namba ya nyumba.

Kuna la Edelman pia. Akidhani mzee haelewi, afisa anajiongelea mbele yake bila haya. Anasema wazazi wake mwenyewe walikuwa wakimbizi, walitoka Romania. Ila wao, kwa maoni yake, walikuwa Wazungu, watu wa nyumbani Ulaya, walistahili. Huyu mzee mweusi Mwislamu amekuja kufanya nini, na uzee wake huu? Hapo kikundi chetu kilikasirika kweli, mtu akataka tufunge kitabu.

Mimi nilikasirika nikarudi nikafikiri. Edelman ni mtoto wa neno la kwanza aliyeajiriwa kulinda mlango wa neno la pili. Gurnah angeweza kumfanya afisa kuwa mtu asiyejua lolote juu ya kukimbia. Ingekuwa rahisi, tungemchukia tukalala. Amemfanya mtoto wa wakimbizi, kutuonyesha kwamba kukimbia peke yake hakumfundishi mtu kufungua mlango. Inauma, kwa sababu tunawajua. Wapo wenzetu waliopata jibu zuri na sasa wanawaita wanaongoja "wale wa asailamu", kwa sauti fulani hivi. Na mimi mwenyewe, mwenye posho ya insentivu na kitambulisho shingoni, nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikamwambia msichana aliyekua bloku moja na mimi kwamba bado si mkimbizi. Sikumpora udi. Lakini kiti ni kilekile.

Sasa niseme pale kitabu kinaponipungukia, maana kusifu tu si kazi.

Kwanza, ukimya wa Saleh Omar ni wa kuchagua. Anaelewa kila neno la Edelman, na sisi wasomaji tunaelewa pamoja naye, tunacheka kisirisiri na kumdharau afisa. Ni raha ya kusoma, nakubali. Lakini mama yangu alipokaa mbele ya meza yake ya kwanza ukimya wake haukuwa mbinu. Hakujua walikuwa wanasema nini. Maneno yote mawili alifundishwa kwenye foleni na mwanamke aliyekuwa mbele yake, akayashika kama mtu anavyoshika namba ya simu. Kitabu kimeandikwa kutoka ndani ya kichwa cha mtu aliyesoma. Wale ambao maneno mawili ndiyo yote waliyo nayo kweli, wanapita pembeni tu.

Pili, mambo ya karatasi yanapita upesi mno. Kuna mwanamke wa shirika la kusaidia wakimbizi, Rachel Howard, anamshughulikia mzee, anamtafutia pa kukaa, na mzee anaishia kwenye nyumba katika mji mdogo wa pwani. Serikali ya Uingereza ilikuwa imeshakubali kwamba watu wa kwao wako hatarini, kwa hiyo mlango ulikuwa nusu wazi. Sawa, ni riwaya, haiwezi kuwa na kurasa za kungoja. Lakini kwetu kati ya neno la kwanza na la pili ndipo maisha yalipo. Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992. Watu wamezaliwa, wamesoma, wameoa, wamezikwa hapa. Jirani yangu wa Sudan Kusini alipokelewa pamoja na kundi lake, bila kila mtu kuhojiwa peke yake. Sisi wa Kongo huhojiwa familia kwa familia, na kila familia ina hadithi yake ya kungoja. Sheria ya wakimbizi ya Kenya ya 2021 nayo inatenga wawili hawa, mwomba hifadhi na mkimbizi, kila mmoja na maelezo yake. Ningependa kusoma riwaya inayokaa hapo katikati, mwaka baada ya mwaka, bila ndege kutua popote. Labda mmoja wetu ataiandika.

Na hapohapo kwenye tafsiri nina neno na wataalamu wa Kiswahili. "Asylum seeker", kwa Kiingereza, ni mtu anayetafuta. Sisi tumemwita mwomba hifadhi. Kutafuta na kuomba si sawa. Anayetafuta anatembea, macho yake yako mbele, hata kama hajapata ana heshima yake. Anayeomba mkono umenyooshwa, na kwetu kutoka omba hadi ombaomba si mbali. Najua kuomba kuna upole wake, hata Mungu tunamwomba. Lakini ofisini si kanisani. Ile haki ya 1948 ni ya kutafuta. Kuna wanaosema "mtafuta hifadhi", na mimi tangu sasa niko upande wao. Wahudumu mnaosoma hapa, neno hili halina gharama, jaribuni.

Kilichonifanya nikipende kitabu pamoja na hayo ni sehemu yake ya pili. Wanapomtafutia mzee mkalimani wanakutana na Latif Mahmud, mwalimu wa chuo kikuu London, ambaye baba yake ndiye Rajab Shaaban, mwenye lile jina la paspoti. Familia zao zina ugomvi wa zamani, ugomvi wa nyumba na madeni na aibu. Mkalimani hahitajiki tena kwa sababu mzee ameshakiri kuwa anasema Kiingereza. Lakini Latif anakuja hata hivyo. Wanakaa kwenye chumba cha mji wa baridi, watu wawili wa kisiwa kimoja, na wanaambiana yaliyotokea. Mmoja anakumbuka hivi, mwingine vile, wanasahihishana, wanaumizana, wanachemsha chai.

Hapo nikaona maana ya hifadhi ambayo haitoki ofisini. Kuhifadhi kwa maana ya mtoto wa madrasa: kuweka maneno ndani ya mtu yasipotee. Serikali ilimpa Saleh Omar kibali na nyumba. Aliyemhifadhi kwa maana hii ni mtoto wa adui yake, aliyekubali kukaa na kusikiliza mpaka mwisho. Jina la paspoti lilikuwa la uongo, lakini mbele ya Latif lisingeweza kutumika, kwa sababu alikuwa analijua lilikuwa la nani. Ilibidi mzee awe Saleh Omar tena.

Mtu mmoja wa kikundi, mkubwa kuliko sisi, alinipinga nilipoyasema haya. Alisema, "Wewe unacheza na maneno. Kesho dirishani wataomba karatasi, hawataomba Kigiriki." Ana haki. Fomu ya ufadhili haikuwa inauliza msichana yule ni nani. Ilikuwa inauliza amepewa karatasi gani. Kama angeweka tiki kwenye kisanduku cha kwanza angekuwa ameandika uongo kwa maana yao, na uongo kwenye fomu unaweza kumharibia kesi nzima ya familia. Kwa hiyo tiki aliyoweka ilikuwa sahihi. Jibu langu ndilo lilikuwa kosa, na haya ni mambo mawili.

Mwezi uliopita nilikwenda kwao. Sikwenda na fomu. Nilimkuta anasonga ugali, mama yake yuko pembeni na mtoto mdogo. Nilimwambia nimekuja kurekebisha neno. Nikasema: ile karatasi mnayoingoja ni ya hifadhi, na hiyo ni ya wakubwa kutoa, nami nitakusaidia kufuatilia kadiri ninavyoweza. Mkimbizi ulishakuwa tangu usiku ule mlioondoka. Hakuna fomu inayoweza kukupa wala kukunyima hilo, na mimi sikuwa na ruhusa ya kukunyima.

Hakusema kitu kwa muda. Mama yake ndiye aliyejibu, "Asante, mwanangu. Kula kwanza."

Nilikula. Nilipokuwa naondoka dada yule akaniuliza kitabu chenyewe kiko wapi. Nikamwambia kiko maktaba, kinaazimwa wiki mbili, na kwamba ukurasa wa udi una doa la chai, hilo ni langu. Jumamosi hii tunaanza tena kukisoma tangu mwanzo, saa tisa, chini ya mwarobaini. Kamusi ipo moja, mwenye nyingine aje nayo.